Siku tatu Kuching: kula polepole kando ya Mto Sarawak

Mara ya kwanza nilipofika Kuching nililala hadi jua likapanda, nikaoga kwa raha, kisha saa saba mchana nikatoka kwenda kutafuta laksa, bakuli la tambi za mchele katika mchuzi wa kamba na tui. Sufuria ilikuwa imeshaoshwa na kupinduliwa. Mama aliyekuwa akifuta meza aliniambia kwa upole nirudi kesho saa moja asubuhi. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mwongozo huu wote umejengwa juu yake: katika jiji hili kila chakula kina saa yake, na anayetaka kula vizuri huipanga siku yake kwa kufuata sufuria. Vivutio vingine vitapata nafasi katikati, na vitatosha.

Kuching ni makao makuu ya Sarawak, jimbo la Malaysia lililo katika kisiwa cha Borneo. Mto Sarawak unalikata jiji. Ukingo wa kusini ni mji wa zamani wa biashara, wenye maduka ya Wachina na Wahindi. Ukingo wa kaskazini ni vijiji vya Wamalay, na katikati ya vijiji hivyo zimekaa Astana, ikulu iliyojengwa mwaka 1870, na ngome ya Fort Margherita ya mwaka 1879. Majengo hayo yote mawili ni ya enzi ya ukoo wa Brooke, Waingereza waliotawala hapa kama wafalme kuanzia mwaka 1841 hadi 1946. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya miji bunifu kwa upande wa mapishi. Ukikaa siku tatu utaona kwa nini: Wamalay, Wachina, Waiban, Wabidayuh, Wamelanau na Wahindi wamekuwa wakionjana vyungu kwa vizazi vingi, na kila mmoja amechukua kitu cha jirani akakifanya chake.

Kabla ya kukata tiketi

Amua kwanza msimu. Kuching ni mji wa mvua, na mvua kubwa zaidi hunyesha kati ya Novemba na Februari. Aprili hadi Septemba kuna nafuu, ingawa mwavuli haukosi kazi mwezi wowote. Lakini usiikimbie miezi ya mvua kabla hujaipima, maana mwisho wa mwaka na mwanzo wake ndio wakati wa matunda: durian, rambutan, na dabai, tunda jeusi la Sarawak lenye umbo la zeituni. Dabai huloweshwa katika maji ya moto kwa dakika chache mpaka nyama yake ilainike, kisha huliwa na chumvi au sukari. Mimi ningechagua Juni au Julai kwa safari ya kwanza na Desemba kwa ya pili. Tarehe 1 na 2 Juni ni Gawai Dayak, sikukuu ya mavuno ya watu wa asili wa Sarawak. Wengi huondoka mjini kwenda vijijini kwao, kwa hiyo baadhi ya vibanda utavikuta vimefungwa.

Pili, karatasi. Angalia masharti ya viza kwa pasipoti yako kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Malaysia. Raia wa nchi nyingi wanatakiwa kujaza kadi ya kidijitali ya kuwasili, iitwayo MDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ijaze kwenye tovuti ya serikali wewe mwenyewe, haina malipo. Wanaotoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano hudaiwa cheti cha chanjo, na chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Usiiache hadi wiki ya safari.

Jambo linaloshangaza wengi: Sarawak ina uhamiaji wake. Hata ukishagongewa muhuri Kuala Lumpur, ukitua Kuching utapanga foleni tena na kuonyesha pasipoti, japokuwa umesafiri kwa ndege ya ndani. Kwa hiyo pasipoti isizame kwenye begi la chini.

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe, njia ya kawaida ni kupitia Doha au Dubai hadi Kuala Lumpur, kisha ndege ya takriban saa 1 na dakika 45 hadi Kuching. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wako karibu zaidi, na kwao safari hii inawezekana hata kwa likizo fupi. Saa za Kuching ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Siku ya kwanza mwili utakuamsha au kukulaza ovyo, na ndiyo maana ratiba yangu inaanza taratibu. Kuching na Kuala Lumpur zinatumia saa moja ingawa ziko mbali, hivyo Kuching jua hutoka mapema zaidi, kama saa kumi na mbili na nusu. Mji unaamka nalo, na laksa inaamka kabla yake.

Plagi za Malaysia ni zile za pini tatu nene tulizonazo Kenya, Tanzania na Uganda. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi abebe adapta. Magari hupita kushoto. Chukua laini ya simu uwanjani, nunua bando, weka programu ya Grab. Kutoka uwanjani hadi mjini ni kama kilomita 12, na Grab ndiyo itakayokusafirisha siku zote tatu kwa kila mahali pasipofikika kwa miguu. Beba ringgit za noti ndogo. Vibanda vingi sasa hulipwa kwa simu za wenyeji, lakini mgeni ataokolewa na noti.

Mahali pa kulala

Kuna maeneo mawili ya kufikiria. La kwanza ni mji wa zamani, jirani na mtaa wa Carpenter Street na njia ya waenda kwa miguu ya kando ya mto. Hapa utasikia adhana, kengele za mahekalu ya Kichina na sauti ya boti, na asubuhi utafika kwenye chakula kwa miguu. La pili ni Padungan, mtaa wa Wachina ulio mashariki kidogo, wenye migahawa mingi inayokesha. Mimi ni mtu wa kulala mapema na kuamka mapema, hivyo nilichagua mji wa zamani na ningechagua hapohapo tena. Omba chumba kisichotazama barabara. Usilipie kifungua kinywa cha hotelini. Kifungua kinywa ndicho chakula bora cha siku katika mji huu, na kiko nje.

Jinsi ya kukaa mezani

Sehemu kubwa ya milo yako itakuwa kopitiam, yaani duka la kahawa. Mgeni huchanganyikiwa hapa, basi soma kwa makini. Mwenye jengo huuza vinywaji tu. Vyakula vinauzwa na watu tofauti, kila mmoja na kibanda chake ndani ya jengo hilohilo: huyu laksa, yule tambi, wa tatu wali na kuku. Unatafuta meza kwanza na kuikumbuka. Unakwenda kwenye kibanda, unaagiza, unaonyesha meza yako. Ukirudi kukaa atakuja mtu wa vinywaji. Agiza hata kama ni kikombe kimoja, maana kiti unachokalia ni chake. Unalipa kila mmoja anapoleta chake. Unaweza kuagiza kutoka vibanda vitatu ukala meza moja, na hakuna atakayenuna.

Kahawa ina lugha yake. Kopi o ni kahawa nyeusi yenye sukari. Kopi c ina maziwa ya kopo yasiyo na sukari. Neno peng mwishoni lina maana ya barafu, na kosong ni bila sukari. Ukisema kurang manis umeomba sukari kidogo, na nakushauri uliseme, kwa sababu mkono wa hapa ni mzito kuliko hata wa chai ya Lamu. Kinywaji cha kujivunia cha Sarawak ni teh c peng special, chai ya barafu inayoletwa kwa tabaka tatu kwenye bilauri: chini sukari nyeusi ya mnipa (mtende wa kwenye matope ya mikoko), katikati maziwa, juu chai. Itazame kwanza, kisha ikoroge.

Kimalay kina maneno yatakayokukaribisha. Limau ni jamii yote ya ndimu na malimau, nanas ni nanasi, acar ni achari, sabun ni sabuni, na mbirimbi wa kwetu pwani jina lake limetoka kwenye belimbing. Lakini kuna mitego. Nasi ni wali. Nazi yenyewe wanaiita kelapa na tui lake ni santan. Na babi ni nguruwe.

Hilo linatuleta kwenye halali, na Mwislamu asilipite haraka. Nusu ya vyakula mashuhuri vya Kuching vina asili ya Kichina, na jiko la Kichina hapa hutumia mafuta ya nguruwe. Maandishi ya kwamba hapapikwi nguruwe hayana maana ya kwamba nyama nyingine zimechinjwa kwa sheria. Tafuta nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya Malaysia ya mambo ya Kiislamu, au kula kwa Wamalay na Wahindi Waislamu. Habari njema ni kwamba karibu kila chakula mashuhuri kina toleo lake la Kimalay. Tambi za kolo mee, kwa mfano, kwa Wachina hupakwa mafuta ya nguruwe na kuwekwa vipande vya nguruwe wa kuchoma. Kwa Wamalay huitwa mee kolok, huja na nyama ya ng'ombe au kuku, na hazipungukiwi kitu. Laksa nayo ipo katika vibanda vingi vya Waislamu. Uliza "halal?" na utajibiwa bila kinyongo, kwani wenyeji wenyewe huulizana kila siku.

Na mwenye mzio wa kamba au uduvi achukue tahadhari ya kweli. Belacan, tofali la uduvi waliochachushwa na kuanikwa juani, imo ndani ya nusu ya vyakula nitakavyovitaja, hata vya mboga tupu.

Siku ya kwanza: alasiri ya mto

Ukifika mchana, usikimbilie popote. Oga, lala saa moja, kisha saa kumi jioni jua likipoa teremka mtoni. Njia ya kando ya mto ni ndefu ya kutosha kunyoosha miguu iliyokunjwa ndegeni, na ni tambarare.

Shuka kwenye gati lolote kati ya yale madogo na upande perahu tambang, mtumbwi wa mbao wenye paa unaovusha watu. Nauli ni kama ringgit 1. Nahodha hukaa mbele na makasia yake mawili, abiria hukaa chini ya paa kimya, na kwa dakika chache hizo unaiona Kuching kwa namna ilivyotazamwa kabla ya madaraja. Daraja la Darul Hana, la waenda kwa miguu tu, lililopinda mfano wa herufi S, lilifunguliwa mwaka 2017 na limewapunguzia kazi wanamitumbwi. Nakuomba uende kwa mtumbwi na kurudi kwa daraja. Ringgit yako moja inabaki na maana huko.

Ng'ambo ni Kampung Boyan. Hapa ndipo pa kek lapis, keki ya tabaka ya Sarawak. Usiiangalie kama keki ya kawaida. Mpishi humwaga unga mwembamba, huuoka mpaka ushike, humwaga mwingine wa rangi nyingine juu yake, na kuendelea hivyo tabaka baada ya tabaka kwa masaa. Zile zenye nakshi hukatwa vipande zikishapoa, kisha hugandishwa upya kwa jamu ili zikikatwa zionyeshe maua au vigae. Madukani utaonjeshwa bure, vipande vidogo, ladha baada ya ladha. Onja kwa heshima, uliza ipi imeokwa juzi, lakini usinunue leo. Keki ya kupeleka nyumbani hununuliwa siku ya mwisho.

Vibanda vya chakula vya upande huu ni vya Wamalay. Kula chakula cha jioni chepesi hapa: wali, samaki wa kuchoma, na midin. Midin ni machipukizi ya mmea wa porini ambao ncha yake imejikunja kama mkia wa kinyonga. Huota kwenye ardhi chepechepe za Sarawak na hukaangwa haraka kwa moto mkali, na kitunguu saumu au na belacan. Ubora wake ni kwamba hauteleziki mdomoni. Unavunjika kwa mlio. Agiza kila siku utakapouona, kwa maana huko kwetu hutaupata.

Rudi kwa daraja taa zikishawaka, ulale.

Siku ya pili: laksa, bizari, kisha samaki

Amka saa kumi na mbili. Saa moja uwe umekaa. Choon Hui, katika barabara ya Ban Hock, ni kopitiam ya Kichina inayojulikana kwa laksa yake na hujaa mapema. Mwislamu aende vibanda vya Wamalay vya upande wa Satok. Bakuli mara nyingi ni kati ya ringgit 8 na 15, kwa kadiri ya ukubwa wa kamba.

Laksa ya Sarawak haifanani na laksa nyingine za Malaysia, na haina ladha ya mchuzi wa binzari. Rojo lake hutwangwa kwa pilipili, kitunguu, kitunguu saumu, mchaichai, jamii ya tangawizi iitwayo galanga, na viungo vikavu vingi, hukaangwa polepole mpaka mafuta yajitenge, kisha huchemshwa katika supu ya kuku na vichwa vya kamba. Ukwaju unatia uchachu, tui la nazi linaingia mwishoni na kwa kiasi. Chini ya bakuli kuna tambi nyembamba za mchele na machipukizi ya choroko. Juu kuna kamba, kuku aliyechambuliwa, mayai yaliyokaangwa membamba na kukatwa mistari, na kotmiri. Pembeni, limau dogo la kijani na kijiko cha sambal, rojo la pilipili.

Onja mchuzi mtupu kwanza. Aliyelelewa na tui atautambua ule utamu wa chini, na atakutana na kitu kingine juu yake, uzito wa uduvi uliochacha, ambao kwenye vyungu vyetu haumo. Kisha kamua limau, onja tena. Sambal iwe ya mwisho, nusu kijiko. Wengi hukosea hapa: wanatumbukiza vyote mara moja wakaishia kula pilipili. Bakuli la pili usiagize, kwa kuwa asubuhi bado ina kazi.

Kutoka hapo, nenda mjini kwa miguu au Grab hadi mtaa wa India Street na wa Gambier Street unaokwenda sambamba nao karibu na mto. Maduka ya bizari ya Gambier yatakusimamisha: magunia ya giligilani, dalasini, iliki, karafuu, na pilipili manga ya Sarawak. Kati ya mitaa hii miwili kuna kichochoro chembamba kinachopita kando ya msikiti wa zamani wa Waislamu wa Kihindi, umefichika kabisa katikati ya maduka. Wamalay ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii kama watu wa pwani yetu, na mgeni anayeingia kusali atajiona hayuko mbali sana na Forodhani.

Karibu pilipili manga yote ya Malaysia hutoka Sarawak. Nyeusi ni tunda lililochumwa bichi likakaushwa na ganda lake. Nyeupe ni tunda lililoachwa likaiva, likaloweshwa majini kwa siku kadhaa mpaka ganda likachubuka, kisha likaanikwa. Harufu yake ni kali na ya udongoudongo, na ndiyo inayotiwa kwenye supu za Kichina. Ninazijua pilipili manga za Muheza na za Unguja na nazipenda, lakini hiyo nyeupe ya Sarawak nilibeba nusu kilo na sijajuta. Nunua nzima, usinunue ya unga.

Saa nne unaweza kula tena kidogo. Wasio na kizuizi waingie Carpenter Street, kwenye uwanja mdogo wa vibanda ulio mkabala wa hekalu la Kichina, wapate kolo mee: tambi za mayai zilizochemshwa kwa sekunde chache, zikakung'utwa maji, zikachanganywa na siki, kitunguu cha kukaanga na mafuta. Wengine watafute mee kolok ya nyama ng'ombe. Kipimo cha zote mbili ni kimoja, tambi iwe inavutika na kila uzi ujitegemee.

Kuanzia saa sita mpaka saa tisa jua la Kuching halina huruma, na hewa ni nzito. Kalale. Asiyeweza kulala mchana aende Makumbusho ya Borneo Cultures, jengo la ghorofa tano lililofunguliwa mwaka 2022, lenye ubaridi na lenye historia nzuri ya mto na watu wake. Njiani kurudi, tafuta aiskrimu ya gula apong. Sukari hiyo hutolewa kwenye utomvu wa mnipa, na ina chumvichumvi kidogo ndani ya utamu wake.

Jioni ni ya samaki. Top Spot ni uwanja wa vibanda vya samaki ulio juu ya paa la jengo la kuegeshea magari, katika barabara ya Bukit Mata. Panda saa kumi na mbili na nusu kabla familia hazijajaa. Kila kibanda kimemwaga samaki, kaa, kamba, ngisi na kombe juu ya barafu. Tembea mzunguko mzima bila kuagiza. Ukichagua kibanda, mwenye halali yake aulize hapa pia. Kisha fuata utaratibu huu: nyoosha kidole kwenye samaki, uliza bei, uliza kama bei hiyo ni ya kilo au ya gramu 100, akipime mbele yako, na akutajie jumla kabla hakijaingia jikoni. Wauzaji hawaudhiki, na mgeni asiyeuliza ndiye anayeshtuka wakati wa kulipa. Kwa watu wawili inatosha samaki mmoja wa kuchomwa au wa mvuke, midin ya belacan, na sahani ya ambal, kombe wembamba wa matopeni wanaopatikana msimu wao. Wapo pia chaza waliokaangwa na mayai na unga mpaka vikawa kama chapati kubwa iliyopasukapasuka.

Siku ya tatu: gulio, na majani ya muhogo

Ikiwezekana, siku hii iangukie Jumamosi au Jumapili, maana ndipo soko la Medan Niaga Satok linapofurika. Liko nje kidogo ya katikati ya mji. Wenyeji wengi bado huliita kwa jina la mtaa lilikokuwa zamani. Fika saa moja. Kula roti canai kwa Waislamu wa Kihindi au Kimalay, chapati ya tabaka inayochanwa kwa mkono na kuchovywa kwenye mchuzi wa dengu, pamoja na teh tarik, chai ya maziwa. Halafu zunguka.

Hapa utaona chakula kabla hakijawa chakula. Mafungu ya midin yaliyofungwa kwa nyuzi. Terung asam, bilinganya la mviringo, la manjano, chachu, linalotiwa kwenye mchuzi wa samaki. Terubok, samaki wa chumvi mwenye mayai yaliyouzwa kando. Funza wanene wa msago, mtende wa wanga, wakiwa hai, na wauzaji wanaofurahi ukitaka kujua wanavyokaangwa. Wanawake wa Kibidayuh walioshuka na mianzi iliyokatwa urefu wa mkono. Piga picha baada ya kuomba. Nunua matunda na ule palepale. Durian usiirudishe hotelini, nyingi zimeipiga marufuku kwa harufu yake kali, na ndegeni haipandi.

Aliye na watoto, au asiyetaka kuondoka Borneo bila kumwona orangutani, achukue gari kutoka hapo hadi Semenggoh, kituo kilichoanza mwaka 1975, kiasi cha kilomita 20 na kitu kutoka mjini. Hulishwa saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Msimu wa matunda msituni huenda wasitokee kabisa, kwa kuwa wameshiba, nami naona hiyo ni sababu nzuri ya kutowaona.

Mchana huu tafuta umai, chakula cha Wamelanau, watu wa pwani ya Sarawak: samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba, akachanganywa na maji ya limau, kitunguu na pilipili, akaliwa na punje za msago zilizokaushwa. Kula penye wateja wengi, mchana, na si kwenye sahani iliyokaa. Tumbo dhaifu lipite.

Na jioni ya mwisho ni ya Wadayak. Mjini kuna migahawa inayopika vyakula vya Waiban na Wabidayuh. Agiza siku moja kabla kama unataka manok pansoh, kwa sababu hauharakishwi. Kuku hukatwa vipande, hukandwa kwa chumvi, mchaichai na tangawizi, hushindiliwa ndani ya mwanzi mbichi, na mdomo wa mwanzi huzibwa kwa majani ya muhogo. Mwanzi huegeshwa motoni na kugeuzwa polepole kwa karibu saa nzima. Mchuzi unaomwagika ni mweupe, mwepesi, una harufu ya mti. Mwislamu aulize kama kuku ni halali na kama wametia tuak, pombe ya mchele.

Ukiagiza pansoh, agiza na pucuk ubi tumbuk. Itakapofika utajua huhitaji maelezo. Ni kisamvu. Ni sombe ya Bukavu, ni isombe ya Kigali: majani machanga ya muhogo yaliyotwangwa kwenye kinu, hapa yakakaangwa na vitunguu na dagaa badala ya kupikwa na karanga au tui. Muhogo ulitoka Amerika ukaja kwetu na ukafika Borneo, na watu wa pande zote mbili wakautafutia majani yake kinu. Niliikalia sahani hiyo muda mrefu kuliko laksa.

Ukitaka kujaribu pansoh nyumbani na huna mwanzi, panga majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni ndani ya sufuria nzito, weka kuku na mchaichai mwingi uliopondwa, maji nusu kikombe tu, funika kwa majani mengine kabla ya mfuniko, na moto uwe mdogo kwa saa moja. Kisamvu kitwange na kichemshwe vya kutosha pembeni kama ulivyofundishwa, kisha kiingie mwishoni.

Asubuhi ya kuondoka

Pilipili manga nunua ile iliyofungwa kiwandani ikiwa na lebo, isikusumbue kwenye forodha. Kek lapis ichukue sasa, omba boksi gumu, ibebe mkononi. Inastahimili safari ndefu kuliko keki yoyote ninayoijua. Biskuti za msago, tebaloi, ni nyepesi na zinafaa kwa watoto. Terubok wa chumvi mfunge kwa plastiki mara tatu au mwache sokoni.

Kama ndege yako ni ya baada ya saa tano, wakati upo. Acha begi mapokezi, saa moja rudi kwenye bakuli la laksa uliloanza nalo, na safari hii anza na limau.